Kidole Gumba cha Halina Rudek

Video ilifika Jumatatu asubuhi, Halina Rudek akiwa bado ana mswaki mdomoni. Kamati ya Baltimore ya Ukumbi wa Heshima wa lakrosi, mchezo ule wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye mfuko wa nyuzi, iliituma kwa nia njema kabisa. "Tutaionyesha Jumamosi kabla hujapanda jukwaani kupokea nishani," waliandika. "Tumeipata kwa mzazi mmoja, haijawahi kuonekana popote!!!" Wanakamati ni wanakamati, huwezi kuwanyima alama zao za mshangao.

Aliifungua huku akitabasamu. Bao lenyewe alilijua, na nani mjini pale hakulijua? Fainali ya vyuo, Mei 2003, mvua inanyesha tangu asubuhi, Severn Hill, chuo chake, kumi, Whitlock kumi, sekunde arobaini zimebaki. Halina anawapita mabeki wawili kama hawapo, fimbo inashuka, wavu wa goli unatikisika. Kumi na moja kwa kumi. Bao hilo moja lilimpa mengine yote: mchezaji bora wa mwaka, timu ya taifa mara mbili, kazi ya ukocha, picha ukutani kwenye duka la fimbo. Hata mumewe alianza kumtongoza kwa kulisifia.

Lakini mzazi yule hakuzima kamera baada ya bao, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ilimwonyesha kocha wa Whitlock, Lorna Haskett, akiinua mkono kuomba fimbo ya mfungaji ikaguliwe. Ni haki yake. Refa huuweka mpira kwenye mfuko wa nyuzi ulio kichwani mwa fimbo, akaiinua fimbo usawa wa macho. Mpira ukichungulia juu ya ukingo, fimbo ni halali. Ukizama usionekane, mfuko una kina mno na bao linafutwa, kwa sababu mfuko wa namna hiyo huufichaficha mpira na kuuachia umechelewa, wakati kipa maskini ameshaamua pa kuruka. Na sheria ina neno jingine: ukaguzi ukishaitwa, usiguse nyuzi; ukigusa, bao linafutwa vilevile. Peleka fimbo kama ilivyo. Baltimore hata mtoto wa miaka minane analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Basi kwenye video, Halina wa miaka ishirini na moja anatembea kumwendea refa, nywele zimemganda usoni kwa mvua, meno yote nje. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, kidole gumba chake cha kushoto kinaingia chini ya mfuko, na mfuko unapanda.

Au haukupanda?

Akarudisha nyuma. Akatazama tena. Mara unapanda, mara ni mkono tu uliotikisika, mara ni tone la mvua kwenye kioo cha kamera. Povu la dawa ya meno lilimchuruzika hadi kwenye fulana na hakulihisi. Alitazama mara kumi na tisa, na mara ya kumi na tisa alikuwa hajui hata kidogo alichokiona mara ya kwanza. La ajabu zaidi, hakukumbuka kitu. Alilikumbuka bao, akakumbuka makelele, akakumbuka refa akisema "halali". Zile hatua sita katikati hazikuwemo kichwani mwake kabisa, kana kwamba alizitembea mtu mwingine.

Alichukua fimbo iliyokuwa nyuma ya mlango, akatembea nayo jikoni hatua sita. Kidole kikaenda chenyewe. Akatembea tena akijizuia, na mkono ukawa mzito, ukamwia kama mkono wa kuazima.

"Mungu wangu," alisema peke yake, "mimi ni mwizi au si mwizi?"

Jioni hiyo mazoezini shuleni alikuwa na wasichana kumi na sita, wazuri kweli, wenye midomo mirefu kuliko fimbo zao. Katikati ya zoezi akapuliza filimbi.

"Ukaguzi! Wote! Mmojammoja, leteni fimbo hapa."

Akasimama akiwatazama vidole tu. Wa kwanza akaja, gumba chini ya mfuko, sukuma. Wa pili, sukuma. Wa tatu alikuja anatafuna ubani na kupiga soga na mwenzake, na gumba lake likafanya kazi yake kama limeajiriwa. Katika kumi na sita, kumi na wanne walisukuma.

"Bridie, umegusa mfuko," alimwambia wa tatu.

"Mimi? Kocha, haki ya Mungu sijagusa!"

"Nimekuona kwa macho yangu."

"Basi macho yako yana jambo na mimi, Kocha. Sijagusa!" Bridie aligeukia wenzake. "Jamani, nimegusa?"

"Hajagusa!" wakamtetea, wote waliogusa.

Halina alimtazama mtoto yule usoni. Hakuwa anadanganya. Alikuwa tayari kuapa mbele ya mama yake mzazi, na angekuwa anaapa uongo bila kujua. Hilo lilipaswa kumpa Halina nafuu, lakini lilimvuruga zaidi. Kama asiyejua hana kosa, basi na kosa linakwenda wapi?

Siku mbili baadaye alikwenda Dundalk kwa baba yake. Mzee Kazimierz Rudek alikuwa uani ametandaza magazeti juu ya meza, ana lundo la kaa waliochemshwa kwa mvuke, wekundu kwa pilipili, na nyundo ndogo ya mti mkononi. Ndiye aliyefunga nyuzi za kila fimbo aliyowahi kuishika bintiye, tangu akiwa na miaka saba.

"Kaa chini ule. Umekonda," alisema.

"Baba, mfuko wa mwaka ule wa fainali. Uliufunga na kina?"

Nyundo ikashuka, gamba likapasuka. "Ulikuwa halali."

"Halali kiasi gani?"

"Halali ya asubuhi."

"Ndiyo nini hiyo, halali ya asubuhi?"

"Asubuhi refa aliupima, ukapita. Mimi nilikuwepo. Sasa ule ulikuwa mfuko wa nyuzi za ngozi, na ngozi ikilowa inalegea. Mvua niliinyesha mimi?"

"Kwa hiyo jioni haukuwa halali."

"Hilo umelisema wewe. Mimi nimesema ngozi ikilowa inalegea. Ndivyo ngozi ilivyo, hata ya ng'ombe wa Papa."

Halina alimwonyesha video kwenye simu. Mzee alijifuta vidole kwenye suruali, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mfuko umepanda?" Halina akauliza.

"Naona mtoto wangu amefunga bao."

"Baba!"

"Baba nini? Watu wanakuwekea meza, wanakupa nishani, na wewe unachokonoa ili utoe mdudu! Kila mchezaji anasukuma. Mama yako akiwa hai alisukuma. Wewe ulikuwa unasukuma kila ukishafunga, tangu ukiwa na miaka saba, ili mfuko usikae kwenye kina. Nani alikufundisha unadhani? Nilikufundisha mimi, hapahapa, penye banda lile."

Alisema kwa kujivunia, kisha akasikia alichokisema. Wakala kaa waliobaki bila kutazamana. Halina aliondoka akiwa na harufu ya pilipili vidoleni na kichwa kizito kuliko alivyokuja. Barabarani alipita mahali alipopaswa kukata kushoto, akagundua baada ya maili tatu.

Alibaki mtu mmoja. Refa wa siku ile, Bi Delphine Kittredge, sasa alikuwa na miaka themanini na mmoja na aliishi Catonsville na paka wawili wakorofi. Ijumaa alimfungulia Halina mlango akiwa amepaka rangi ya mdomo, kwani hakuwa mtu wa kupokea wageni hivihivi. Akaitazama video mara moja tu, miwani puani, na kumrudishia simu.

"Hilo gumba nililiona," alisema.

"Uliliona?"

"Binti yangu, nilikuwa hatua mbili mbele yako. Wakati huo macho yangu yalikuwa mazima, hata kama wengine walisema vingine."

"Sasa kwa nini hukufuta bao?"

Bi Delphine alimwondoa paka mmoja kwenye mto, akaupiga mto vumbi, akaketi vizuri.

"Kwa sababu nilikuwa namchukia Lorna Haskett."

"Unasema?"

"Umesikia. Msimu uliotangulia aliniita kipofu mbele ya uwanja mzima, wajukuu zangu wako jukwaani na vibendera vyao. Kipofu! Nilirudi nyumbani nikalia kwenye gari, sikuweza hata kuteremka. Sasa siku ile alipoinua mkono wake ule wenye mapete, nikasema moyoni, leo, Lorna, hupati kitu kwangu. Kipofu hajaona. Nikaupima mpira, ukachungulia, nikasema halali."

"Lakini ulichungulia kwa sababu ya gumba, au ungechungulia tu?"

"Sijui."

"Bi Delphine, tafadhali."

"Sijui, na wewe hujui, na baba yako hajui. Ndiyo maana sheria ikasema usiguse. Ukishagusa, hakuna tena wa kujua." Alimshika Halina mkono kwa vidole vyake vikavu. "Mimi nimekuwa nikiungama dhambi hiyo kila Kwaresima. Padri amenichoka."

Halina alikaa kwenye gari lake nje ya nyumba ile nusu saa nzima bila kuwasha injini. Alikuja kutafuta jibu, akapewa chuki ya watu wawili asiyohusika nayo. Aseme? Akisema, anasema nini hasa: kwamba huenda alifanya kitu ambacho hakumbuki, ambacho huenda kilibadilisha kitu ambacho hakuna anayekijua? Watamwona amerukwa na akili. Na akinyamaza, je? Kila aliponyamaza kwa dakika moja aliliona gumba lile likiingia chini ya mfuko. Na aliogopa, tuseme ukweli. Bila bao lile hakujua yeye ni nani. Alikuwa na miaka arobaini na miwili na maisha yake yote yaliningʼinia kwenye msumari mmoja.

Basi akafanya jambo la aibu. Alipiga simu kwa kamati.

"Ile video," alisema kwa sauti ya kuchangamka ambayo hakuitambua, "ikateni pale bao linapoingia. Kilichofuata hakina maana, ni watu kutembeatembea tu."

"Bila shaka, Kocha! Kama unavyopenda!"

Alikata simu, akaitupa kwenye kiti cha abiria.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Meza za duara, keki za nyama ya kaa, chai ya barafu, wanaume wenye magoti mabovu wakikumbushana nani alimvunja nani pua. Halina alikuwa amesimama kwenye foleni ya chakula na sahani tupu alipohisi mtu nyuma yake.

"Halina Rudek. Hujanenepa hata kidogo, laana wewe."

Alikuwa Lorna Haskett, mwenye nywele nyeupe sasa, mapete yaleyale. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile zaidi ya kupungiana mikono kwa mbali.

"Nisikilize kabla sijabadili mawazo," Lorna alisema. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Mimi? Radhi ya nini?"

"Ule ukaguzi. Sikuona kosa lolote kwenye fimbo yako, sikuona hata hiyo fimbo. Nilikuwa nimemaliza mapumziko yangu yote ya kuita wachezaji, watoto wangu wamevurugika, nikaomba ukaguzi ili nipate dakika moja ya kuongea nao. Basi. Nikakutia doa mbele ya watu wakati wa furaha yako, na nilijua huna kosa. Miaka ishirini na moja nalibeba hili. Nisamehe."

Halina alimtazama mdomo wazi. Foleni ilisogea, yeye akabaki palepale, mtu wa nyuma akawapita. Huyu mwanamke ndiye pekee mwenye haki ya kumdai, na huyu ndiye anayemwangukia!

"Lorna, usiniombe radhi."

"Nakuomba, acha ukaidi."

"Usiniombe, nakwambia! Niligusa mfuko." Akatoa simu, akakosea namba ya siri mara mbili. "Tazama. Tazama hapo, hatua ya nne."

Lorna alitazama. Uso wake ulipitiwa na mambo mengi, na Halina hakuweza kulisoma hata moja.

"Niliomba bila kuona kitu," Lorna alisema hatimaye, "na kumbe kitu kilikuwepo."

"Sijui kama kilikuwepo. Naapa sijui, nimejaribu kujua wiki nzima. Ninachojua ni kwamba niligusa."

"Na Delphine hakuona?"

Siri ile haikuwa ya Halina. "Muulize mwenyewe."

"Hm." Lorna alimrudishia simu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na sasa alikuwa amekasirika, ghafla na kweli kweli. "Sikiliza. Mimi nilikuwa pembeni ya uwanja nimeshika mwavuli. Hukunifunga mimi. Uliyemfunga ni kipa wangu, Greta Pfeiffer, na Greta hajashika fimbo tangu siku hiyo. Alikuwa ameitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa, hakwenda. Nimemleta hapa leo kwa kumvuta kama mbuzi, nikamwambia njoo tumpigie Halina makofi, jambo liishe. Yuko meza ya saba."

Hapohapo taa zikapungua na video ikaanza. Halina akajiona ukutani, mkubwa kama nyumba, akiwapita mabeki wawili. Fimbo ikashuka. Wavu ukatikisika. Picha ikakatwa pale alipotaka ikatwe, na ukumbi mzima ukasimama.

"Mabibi na mabwana," kipaza sauti kikaunguruma, "mwenye bao kubwa kuliko yote katika historia ya Severn Hill, Halina Rudek!"

Jukwaa lilikuwa kulia. Halina akaenda kushoto. Watu walidhani amepotea njia kwa sababu ya giza, wakamwelekeza kwa mikono huku wakicheka, "Huku, Halina, huku!" Baba yake alisimama kwenye meza ya mbele na kumwita kwa jina la utotoni. Akapita katikati yao, sahani tupu bado ameishika, Lorna nyuma yake. Makofi yakaendelea kwa muda, yakapungua, kisha yakawa ya watu wawili watatu wasiojua waache au waendelee.

Greta Pfeiffer alikuwa mwanamke mrefu mwenye sweta la kijani. Alipomwona Halina amesimama mbele yake, akatazama nyuma kuona kama kuna mtu mwingine anayetafutwa.

"Greta," Halina alisema. Hakuwa ameandaa neno lolote. "Lile bao. Refa alipoitisha fimbo yangu, niliusukuma mfuko kabla hajaupima. Nimeliona Jumatatu kwenye video. Mfuko ulikuwa umelowa, na sijui ulikuwa umeshuka kiasi gani, hakuna atakayejua. Lakini niligusa, na ukigusa bao linafutwa. Halikuwa bao. Nimekuja kukwambia wewe kwanza."

Greta alikuwa na uma mkononi na alikuwa akiuminya.

"Mpira ulichelewa kutoka," alisema polepole. "Niliruka kwa wakati. Nilikuwa nimeyatazama mashuti yako mwaka mzima, nilikujua kama nijuavyo jina langu, na mpira ule ulichelewa. Nikawaambia. Wote wakaniambia hapana, ulitoka kama kawaida, wewe ndiye uliyeruka mapema. Kocha pia aliniambia hivyo. Nikafikiri, kama sioni tena kilicho mbele yangu, nasimama golini kufanya nini?"

Halina alifungua mdomo kusema hajui, kwa maana wiki nzima lilikuwa ndilo jibu lake pekee. Lakini hili alilijua. Alilijua mkononi mwake: ule mvuto mdogo, ule mpira ulionata kidogo mfukoni kabla ya kukubali kutoka. Miaka yote alikuwa nalo na hakuwahi kujiuliza lina maana gani kwa mtu aliyekuwa upande wa pili.

"Ulichelewa," alisema. "Niliuhisi."

Greta akauweka uma chini. Kipaza sauti kiliita jina la Halina mara ya pili, kwa wasiwasi sasa, na hakuna aliyegeuka. Greta alikuwa anamtazama Lorna.

"Kocha," alisema, na sauti ikamkatika, "niliona sawa."